Stesheni ya Kwanza ya Mombasa na Mto Ulioachwa

Msafiri asimamaye penye njia panda ya Minjila huona barabara tatu: moja yashuka Malindi na Mombasa, moja yapanda Hola na Garissa, na moja yaelekea Witu na Lamu. Reli haioni. Watu wa Tana wametajiwa reli mara nyingi, lakini hata leo mwenye maembe, mpunga au ng'ombe wa kuuza hana budi kungoja lori. Tangu habari za bandari mpya ya Lamu zilipoanza kuenea, vijana wa chama chetu wamekuwa wakiwauliza wazee: Kwa nini reli ya kwanza ilianzia Mombasa, wala haikuanzia kwetu, penye mto mkubwa kuliko yote katika nchi hii? Swali hili lina jibu, na jibu lenyewe laonyesha jinsi stesheni moja iwezavyo kuubadili mji, na kuiacha miji mingine nyuma. Kwa sababu hiyo Kamati imeona vema habari hizi ziandikwe hapa pamoja na taarifa ya mwaka.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kwamba, kabla ya stesheni ya Mombasa kujengwa, Wazungu walikuwa wamekwisha kuutazama mto wetu kwa jicho la tamaa. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifika Tana katika mwaka 1878, na mwaka 1885 walipewa ardhi na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyejulikana kwa jina la Simba. Ujerumani ikaitangaza Witu kuwa chini ya ulinzi wake. Wamishenari wa Kijerumani wakakaa Ngao katika mwaka 1887, na Wamethodisti wa Kiingereza walikuwa Golbanti kabla yao. Mwaka 1889 Carl Peters alipita kando ya mto huu akiwa na askari na bunduki, akapigana na Waorma njiani, na habari hizo aliziandika mwenyewe kwa majivuno katika kitabu chake. Basi si kweli kwamba nchi yetu ilikuwa imesahauliwa. Ilijulikana, ilipimwa, na iligombewa.

Upande wa Waingereza, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, chini ya Sir William Mackinnon, ilipata kutoka kwa Sultani wa Zanzibar ruhusa ya kutawala mwambao katika mwaka 1887, na mwaka uliofuata ikapewa hati ya Malkia. Mwambao wa Sultani, ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ulianza kusini karibu na Vanga ukaishia Kipini, penye mlango wa mto. Haki ya kutoza ushuru wa Lamu iligombewa na Kampuni na Wajerumani, hata ikapelekwa mbele ya mwamuzi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, mwezi wa Agosti 1889. Wakubwa hawa walijua kwamba mwenye kuushika mlango huu angeweza kuingia bara kwa njia ya maji, bila ya kulipa wapagazi.

Jambo la wapagazi si dogo, na wengi wetu leo hatulifikirii. Katika siku zile mzigo wote wa kwenda Uganda ulichukuliwa kichwani. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha ratli 60 au 65, akatembea muda wa miezi mitatu hivi kutoka Mombasa mpaka Ziwa, akipita nyika ya Taru isiyo na maji. Ukitaka kupeleka tani moja tu, wahitaji watu zaidi ya thelathini, na watu hao nao wala chakula njiani. Kwa hiyo Kampuni iliyatazama mambo mawili, mto na reli, ikajaribu yote mawili kwa wakati mmoja.

Reli yake ya kwanza ilikuwa kichekesho. Katika mwaka 1890 Mackinnon aliamuru reli nyembamba ijengwe kutoka Mombasa, yenye upana wa futi 2 tu baina ya chuma na chuma, akaipa jina kubwa: Reli ya Afrika ya Kati. Haikufika Afrika ya Kati. Ilikwenda kama maili 7, fedha zikaisha, ikaachwa. Vyuma vyake vilikuja kutumika mjini Mombasa kwa matoroli, yale magari madogo yenye viti na kibanda cha kuzuia jua, ambayo waungwana na maofisa waliketi na kusukumwa na vijana wawili wenye mbio. Hivyo ndivyo watu wa Mombasa walivyopata kupanda kitu chenye magurudumu juu ya chuma, miaka kadhaa kabla ya kuona gari la moshi.

Jaribio la mto lilikuwa la haki zaidi. Katika mwaka 1891 Kapteni Dundas aliingiza Tana merikebu ya moshi iliyoitwa "Kenia", yenye gurudumu nyuma, akapanda nayo polepole mpaka Hameye, karibu na mahali maporomoko yanapoanzia. Pamoja naye alikuwamo C. W. Hobley, kijana mtaalamu wa mawe, ambaye baadaye alikuwa ofisa mkubwa katika serikali. Wenyeji wa kandokando walisimama ukingoni kuitazama. Kwa Wapokomo, ambao tangu kale walipanda na kushuka mto huu kwa mitumbwi na pondo, safari yenyewe haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa moshi.

Merikebu ilifika, lakini mto ulitoa jibu lake. Kila mkazi wa Ngao, Golbanti au Garsen ajua ya kwamba Tana haina tabia ya kukaa mahali pamoja. Hupinda na kurudi, hata mtu akitembea kwa miguu humpita mwenye chombo. Magogo hulala chini ya maji yasionekane, mafungu ya mchanga huhama kila mafuriko, na wakati wa kiangazi kina hupungua. Hata mlango wake si wa kutegemewa: katika karne ya kumi na tisa mfereji wa Belezoni, uliochimbwa ili mitumbwi ipate kupita kutoka Tana mpaka mto Ozi, uliyavuta maji mpaka mto mkuu ukageuka na kutokea Kipini. Nahodha gani wa meli kubwa angeweka imani yake penye mlango kama huo, wenye mchanga mbele yake? Tena mto wetu unatoka upande wa Mlima Kenya. Wenye fedha walitaka Uganda, na Tana haielekei Uganda.

Kuna sababu ya tatu, nayo hutajwa kwa nadra. Wakati ule ule nchi ya Witu ilikuwa katika vita. Mwezi wa Septemba 1890, miezi michache baada ya Ujerumani kuiachia Uingereza Witu kwa mkataba wa tarehe 1 Julai, Mjerumani mmoja pamoja na wenzake waliuawa huko. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle akaja na manowari na askari, akauteketeza mji wa Witu. Kampuni ilipewa kuitawala Witu mwaka 1891, ikashindwa, ikajitoa tarehe 31 Julai 1893. Hakuna mwenye mali apendaye kuanza reli penye moto. Mwandishi wa makala hii anaona ya kwamba sababu hii ilikuwa na uzito kama zile za mchanga na magogo, ingawa vitabu vingi husifu tu kina cha maji ya Kilindini.

Kilindini nayo ilistahili sifa. Jina lake lenyewe latoka katika kina. Ni bandari iliyofichika na pepo, ambamo meli kubwa huingia na kutia nanga bila ya hofu. Mwisho wa mwaka 1891 Kapteni Macdonald na wenzake walianza kupima njia kutoka Mombasa mpaka Ziwa, kwa fedha zilizotolewa na Bunge la Uingereza, na taarifa yao ikasema reli yawezekana. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi kutoka kwa Kampuni iliyofilisika. Mwezi wa Desemba mwaka huo akashuka Mombasa George Whitehouse, injinia mkuu wa reli ya Uganda.

Alichokikuta hakikumfurahisha. Gati la kushushia mizigo mizito halikuwapo, na maji matamu yalikuwa machache kisiwani, hayatoshi maelfu ya watu. Karibu kila kitu kililetwa kwa meli: vyuma, mataruma, injini zilizokwisha kutumika India, hata makuli wenyewe. Ilimpasa kwanza ajenge gati, vibanda na karakana pale Kilindini, kisha avushe reli kutoka kisiwani mpaka bara. Katika mwaka 1896 likajengwa daraja la miti pale Makupa, likaitwa kwa jina la Lord Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza. Baadaye likafuatwa na daraja la chuma. Upana wa reli safari hii ulikuwa meta 1, kama reli nyingi za India, kwa kuwa vifaa na mafundi vilitoka huko.

Msomaji asidhani kwamba stesheni ile ya kwanza ilikuwa jumba la fahari. Kazi ya miaka ile ilikuwa ya mabati, mbao na haraka. Kilichokuwa kikubwa ni uwanja wake, marundo ya vyuma na watu. Mvua za mwisho wa mwaka 1896 zilipokuja, homa ikawaangusha makuli kwa mamia, na mwaka ulipokwisha reli ilikuwa imefika kama maili 23 tu. Jumla ya Wahindi walioletwa mpaka kazi ilipomalizika walikuwa 31,983. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa makwao wakiwa wagonjwa au vilema. Simba wa Tsavo, ambao kila mtoto wa shule amewasikia, walikula watu wachache sana wakilinganishwa na homa, kuhara na vidonda. Waafrika waliokufa katika kazi hiyo hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo, na hilo twalitaja kwa huzuni.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika Ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Abiria walipangwa kwa madaraja: Mzungu katika la kwanza, Mhindi mwenye uwezo katika la pili, na Mwafrika katika la tatu, penye viti vya mbao. Wageni wakubwa walipitia stesheni ya Mombasa, kama Winston Churchill katika mwaka 1907 na Theodore Roosevelt katika mwaka 1909. Wote wawili walipewa kiti mbele ya injini ili wapate kuona wanyama. Watu wa pwani waliokwenda bara kutafuta kazi hawakuona haja ya kukaa mbele ya injini.

Sasa tuangalie stesheni iliwatendea nini watu wa mji, maana hapa ndipo penye faida kwetu. Jambo la kwanza ni kwamba faida haikukaa pale watu walipotazamia. Mwaka ule ule wa 1899, makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ambapo hapo nyuma hapakuwa na mji. Mwaka 1905 serikali nayo ikahamia huko. Mombasa ikabaki na bandari na kazi ya kupakua. Kazi hiyo ilileta watu wengi, mishahara midogo, na nyumba za kubanana, hata ukatokea mgomo wa makuli wa bandarini katika mwaka 1939, na mgomo mkuu wa Januari 1947, ambao uliusimamisha mji mzima, wa reli na wa gati pamoja.

Jambo la pili ni ardhi. Reli haiwezi kupita hewani. Ili kuipata njia, serikali ilileta sheria ya India ya 1894 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, ikaitumia hapa. Kadiri thamani ya viwanja ilivyopanda, ndivyo kila mtu alivyotaka kujua kipi ni cha nani. Mwaka 1908 ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya mwambao. Kila mwenye kudai shamba au kiwanja alitakiwa kufika mbele ya ofisa na kuthibitisha madai yake katika muda uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Taji. Waliokuwa na maandishi ya kadhi, au mawakili, au jamaa mjini, walipata hati. Wamijikenda wengi, waliolima mashamba ya babu zao bila karatasi yoyote, hawakuitwa au hawakuelewa, na wajukuu zao waliambiwa kuwa ni maskwota juu ya ardhi ile ile. Ugomvi huo haujakwisha mpaka leo. Haukuletwa na reli peke yake, lakini reli ndiyo iliyoifanya ardhi ya pwani iwe kitu cha kugombaniwa.

Na miji isiyopata stesheni? Lamu, iliyokuwa makao ya Jimbo la Tanaland, iliendelea kusafirisha boriti na nafaka kwa majahazi, lakini wafanyabiashara wakubwa wakafuata meli za Mombasa. Haki yataka tuseme kwamba reli haikuiangusha Lamu peke yake: kukomeshwa kwa utumwa katika mwaka 1907 kulivunja mashamba makubwa ya Lamu na Malindi, na hilo hakuna mtu mwema alisikitikiaye. Kipini, ambako merikebu ya Dundas ilitarajiwa kufungua mlango wa bara, ilibaki kijiji cha wavuvi chenye ofisi ndogo ya serikali.

Kwa upande wetu wa Tana, stesheni ya Mombasa ilikuwa mbali kwa kilometa zaidi ya 200, tena kwa njia yenye maji mengi ya kuvuka. Mtu aliyetoka Garsen katika miaka ya ukoloni alivuka Tana kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba, akavuka Sabaki, akavuka Kilifi kwa feri, akavuka Mtwapa kwa pantoni ya mnyororo ambayo wavutaji wake walijulikana kwa nyimbo zao, kisha tangu mwaka 1931 akapita daraja la kuelea la Nyali. Kilifi haikupata daraja mpaka mwaka 1991. Mafuriko yakija, safari husimama. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yaliikata tena barabara ya Lamu upande wa Gamba, na mabasi yakalala njiani. Mwenye matunda apotezaye siku mbili amepoteza mali yote, na mnunuzi ajua hivyo, kwa hiyo humpangia bei anayotaka.

Reli ile ya zamani nayo imekwisha kupitwa. Treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi juu ya reli ya meta 1 ilifanya safari zake za mwisho mwaka 2017, na mwezi wa Mei mwaka huo reli mpya pana ikafunguliwa, stesheni yake ikiwa Miritini, nje ya kisiwa. Hata Mombasa, mama wa stesheni zote za nchi hii, ililazimika kuifuata stesheni bara.

Huku kwetu, tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki pamoja na wakuu wa Sudan Kusini na Ethiopia waliweka jiwe la msingi la bandari ya Lamu, na katika mpango ule imo reli ya kutoka Lamu kupita Garissa na Isiolo. Gati la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Reli bado ni mistari katika ramani. Lakini matokeo ya bandari yamekwisha kuonekana: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa kazi ile iliharibu mahali pao pa kuvulia wala hawakushauriwa ipasavyo. Wavuvi wale hawakuwa na hati za bahari. Walishinda kwa sababu walijuana, walijihesabu, waliandika majina yao, na walifika mahakamani wakiwa na habari kamili za kazi yao.

Katika wilaya zetu za mto, ardhi iliyo nyingi hushikwa na jamii kwa pamoja: mkulima ana ukanda wake kutoka ukingoni kwenda ndani, na mfugaji ana njia zake za kuwapeleka ng'ombe majini wakati wa kiangazi. Mara nyingi haki hizo mbili hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo damu imekwisha kumwagika baina ya ndugu. Mpima reli akija, hataona haki hizo kwa macho yake, kama vile maofisa wa mwaka 1908 hawakuyaona mashamba ya Wamijikenda. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kujiandikisha na kuandikisha ardhi yake, yaani jambo lile ambalo watu wa mwambao hawakupewa nafasi ya kulifanya vizuri miaka zaidi ya 100 iliyopita. Kazi hiyo ni ndefu, yataka mikutano mingi, na yataka mkulima na mfugaji waketi mkeka mmoja, jambo lisilo jepesi.

Kwa hiyo Kamati inawaomba wazee wa vijiji vyote, wa kilimo na wa ufugaji pamoja, wenye kumbukumbu za mipaka, za njia za maji na za majina ya zamani ya mahali, wafike ofisini kwa mwandishi wa chama ili maneno yao yaandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Wenye barua, risiti za kodi, au picha za zamani wazilete. Zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe siku ile ile.